Daraja jipya la Jangwani: sisi wa miguu na baiskeli tumo?

Mkazi wa Mapipa
Wadau, tujadili bila matusi. Hapa Dar es Salaam, Magomeni Mapipa hadi kituo cha Fire ni kama kilometa mbili tu, lakini mvua ikikaza Jangwani panageuka ziwa, barabara inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na Kariakoo unaitazama kwa macho. Sasa mradi wa Bonde la Msimbazi unaleta daraja jipya, la juu zaidi. Hoja yangu: njia ya miguu na ya baiskeli ziwe pana, ziwe na taa, na ziungane na mitaa ya ndani, Suna, Kagera, Mikumi. Zisiishie mtaroni. Mnasemaje?

Zege Halilali
Miguu naunga mkono. Baiskeli tuwaachie wauza mkaa na wageni wa Shinyanga. Joto hili la Dar, ufike ofisini umelowa kama umetoka kuogelea Coco?

Ng'wana Kishapu
Shinyanga imeingiaje hapo? Baiskeli hiyo unayoidharau ndiyo iliyonipeleka sekondari, mdogo wangu kwenye keria na dumu la maji likining'inia usukanini. Wewe ulisomea wapi, mlangoni mwa daladala huku konda anakusukuma kwa sababu una nauli ya mwanafunzi?

Zege Halilali
Mtani punguza jazba. Mimi Mzaramo, wewe Msukuma, tangu lini tukanuniana?

Ng'wana Kishapu
Utani naujua. Lakini aliyeuza kiwanja cha urithi akanunua bodaboda asimcheke mwenye baiskeli.

Zege Halilali
Hahaha, hiyo ya kiwanja umemlenga mjomba wangu kabisa.

Dada wa Suna
Mkimaliza makabila yenu mniambie. Mimi kutoka kwangu hadi Morogoro Road navuka mtaro kwenye ubao, mfuniko wake waliondoka nao wauza chuma chakavu. Nikifika juu, njia ya miguu ipo, ya vitofali, safi. Hatua chache nyuma yangu honi: "Mama, pisha njia!" Bodaboda. Nina mtoto mgongoni na ndoo ya vitumbua kichwani, nimpishe yeye juu ya njia ya miguu?

Boda Mstaarabu
Dada samahani kwa huyo, ila na sisi mtuelewe. Njia ya mwendokasi tunakamatwa, ya magari malori yanatubana. Halafu abiria mwenyewe ndiye anasema "pita huku juu, nimechelewa". Hata wewe umeshasema.

Dada wa Suna
Usinisingizie! Sijawahi kupanda boda yako.

Kona ya Fire
Mwendokasi ulipoanza 2015 njia za miguu na baiskeli zilijengwa kote, Kimara hadi Kivukoni...

Mkazi wa Mapipa
2016, mkuu. Mwezi wa tano.

Kona ya Fire
Haya, 2016, sigombani na kalenda. Dar ikapewa mpaka tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, ya 2018. Kilichofuata? Machinga wakapanga viatu juu yake. Mwishoni mwa 2021 wakaondolewa, sasa wanarudi mmoja mmoja. Kujenga tunaweza, kulinda ndiko kunakotushinda. Hata daraja la dhahabu mtalipanga mitumba.

Machinga Mstaafu
Nilijua tutafikiwa tu. Mteja wangu alikuwa huyohuyo mtembea kwa miguu mnayejifanya kumtetea. Meza zikiondoka, magari yanaegeshwa palepale. V8 ikipanda juu ya njia, "bosi kaingia dukani mara moja". Sinia la karanga, "uchafu wa mji". Kona ya Fire, jibu hilo.

Kona ya Fire
Sina V8.

Machinga Mstaafu
Sijakuuliza unaendesha nini.

Zege Halilali
Watu wenyewe hawajengeki. Manzese daraja la juu lipo miaka yote, bado wanakatiza chini.

Mzee wa Usalama
Kijana, haya magoti yana zaidi ya miaka sabini. Unanipandisha ngazi, unanishusha ngazi, ili gari tu lisipunguze mwendo? Nitakatiza chini. Na hapo Jangwani mkitujengea ngazi za pembeni mmeshatutoa. Uwekwe mwinuko wa taratibu, wa kupita hata kiti cha magurudumu.

Ng'wana Kishapu
Shikamoo mzee. Na mwinuko huohuo baiskeli inapanda. Zege umeona?

Zege Halilali
Marahaba kwa niaba ya mzee. Kwani hapa mjini baiskeli unayo?

Ng'wana Kishapu
Ninayo, Phoenix. Ipo ndani, nimeifunga mnyororo kwenye nondo za dirisha. Kariakoo nikaiache wapi nirudi niikute?

Mkazi wa Mapipa
Hilo la maegesho ya baiskeli sikuliandika pale juu, na bila hilo njia itabaki tupu.

Boda Mstaarabu
Pale Fire kijiweni kwetu tunakulindia kwa buku.

Ng'wana Kishapu
Buku? Si bora nipande daladala, na chenji nirudishiwe!