Naomba ushauri: mita moja ya maji, kaya 9

Wakuu, habari za jioni. Tuko kaya 9 uani hapa Sakina, Arusha, mita moja, bili tunagawana sawa. Mwenye watoto watano na bachela anayerudi saa nne usiku wanalipa sawa, ugomvi hauishi.

Juzi tulikubaliana hakuna kufungua koki usiku. Nikasoma mita saa 5, nikarudi saa 11 alfajiri: lita 140 zimekwenda! Nikatia rangi ya chakula kwenye matangi ya vyoo bila kuflashi. Baada ya dakika kumi, viwili vina rangi bakulini. Vinavuja kimyakimya.

Hivyo tunatengeneza. Kinachotugawa ni hela iliyobaki: mita ndogo kila nyumba, au tangi la kuvunia mvua ya masika? Bati letu ni mita za mraba 200, hivyo mvua ya milimita 10 ni kama lita 2,000 kabla ya upotevu. Tena kwa floraidi ya huku (madini ya kwenye maji, yakizidi yanaharibu meno), mimi naegemea mvua.

Aliyefunga mita ndogo, matumizi yalishuka kweli? Na nitajuaje ni mita zilizosaidia, si mvua iliyotupumzisha kumwagilia mchicha?