Supamaketi ya Wabrazili na Wareno: ninunue nini, niache nini? Naombeni ushauri

Mama Warda (mleta uzi):

Wakuu, habari za humu. Tumehamia Lowell, Massachusetts, tukitokea Tanga. Tupo mimi, mume, watoto na mama mkwe. Duka la Waafrika lipo, lakini kulifikia ni kubadilisha mabasi, na baridi hii na watoto wadogo siwezi kila wiki. Karibu na nyumbani kuna supamaketi kubwa ya Wabrazili na Wareno. Bei zake zinavutia, na harufu ya nyama choma inakupokea ukiwa bado barabarani. Nimeingia nikazunguka rafu zote, nikatoka na ndizi na mchele tu. Kila kitu kimeandikwa Kireno. Kuna ukuta mzima wa unga mweupe na wa njano, kila pakiti na jina lake, sijui upi wa kula na upi wa kubandikia karatasi.

Mama mkwe anataka ugali, makande na mboga za kijani. Ameshasema chakula cha huku ni cha wagonjwa. Sisi ni Waislamu, na pale soseji zimening'inizwa mpaka juu ya kichwa cha muuzaji, kwa hiyo naogopa hata kuagiza kitu bucha. Wenye uzoefu wa maduka haya nisaidieni.

Msee wa Merrimack:

Karibu Lowell dada. Wakenya tumejaa hapa, hata kwa foleni ya benki utasikia Kikuyu. Hiyo duka usiiogope, nusu ya jikoni yako iko humo ndani.

Anza na couve. Hiyo ni sukuma wiki, majani mapana yamefungwa fundo. Wanauza pia iliyokatwa tayari na mashine, nyembamba sana, kwa sababu Wareno huitia kwa supu yao ya caldo verde na Wabrazili huikaanga na kitunguu saumu. Hiyo ya kukatwa bei iko juu na haikai, jioni ya pili ishaanza kuwa njano. Chukua fundo ukate mwenyewe.

Ya makande, tafuta canjica branca. Ni mahindi meupe yaliyokobolewa, yaani muthokoi ya Ukambani iliyopanda ndege. Wenyewe huipika na maziwa na sukari, hasa mwezi wa sita kwenye sherehe zao za Mtakatifu Yohana. Wewe loweka usiku, chemsha na maharage, utaona mama mkwe akinyamaza. Ikiandikwa canjiquinha rudisha kwa rafu, hizo ni chenga za mahindi ya njano. Na ukimpata jirani wa Cape Verde muulize cachupa wanapikaje, ni mahindi na maharage vilevile, ila wengi huongeza nguruwe.

Kitunguu Maji:

Mimi nimekuja kusoma sehemu ya soseji tu 😂 Kitimoto ya kuvutwa moshi bei gani huko?

Mama Warda:

@Kitunguu Maji tafadhali usiniharibie uzi.

Mtwara Kuchele:

Dada, mimi nimekaa Pemba ya Msumbiji kabla ya kuja huku. Sasa nipo Newark, mtaa wa Ironbound, ambako Ferry Street ni Wareno na Wabrazili mwanzo mwisho. Kireno cha madukani nakijua, ngoja nikusaidie na ule ukuta wa unga, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Fubá ni unga wa mahindi, karibu wote ni wa njano. Ule laini huandikwa fubá mimoso, na huo ugali unakubali. Flocão au milharina usiguse kwa ajili ya ugali. Ni mahindi yaliyopikwa yakakandamizwa, kazi yake ni kuloweka kidogo na kupika kwa mvuke kwa ajili ya cuscuz, kifungua kinywa cha watu wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Ukiutia kwenye maji ya moto utapata uji wenye madonge.

Polvilho, uwe doce au azedo, ni wanga wa muhogo mtupu. Azedo umechachushwa, na kwa huo hupikwa yale maandazi yao madogo ya jibini, pão de queijo. Mtu wa kwetu akiona muhogo kwenye picha anafikiri amepata unga wa bada. Sivyo. Ukisonga unapata gundi inayovutika. Farinha de mandioca nayo ni muhogo uliokunwa, ukakamuliwa na kukaangwa mpaka ukawa chenga kavu. Wenyewe huinyunyiza juu ya maharage, au huikoroga kwenye mchuzi wa samaki ikawa pirão. Hiyo pirão mpikie mama mkwe siku ukipata samaki mzuri mwenye kichwa. Mchuzi uwe mwingi na umekolea, mimina chenga taratibu huku unakoroga, inashika yenyewe. Mtu wa pwani hatauliza maswali.

Muhogo wenyewe upo kwenye friza, umemenywa na kukatwa. Pakiti zinaandikwa mandioca, aipim au macaxeira, ni kitu kimoja, inategemea mwenye kampuni katokea upande gani wa Brazili. Usiuyeyushe, utie moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, ukipasuka toa ule uzi wa katikati ndipo uweke tui.

Mboga nyingine ni quiabo, hiyo ni bamia. Jiló ni nyanya chungu, ngogwe zile zile za kwetu. Kuna wakulima hapo hapo Massachusetts wanaozilima kwa ajili ya Wabrazili, kwa hiyo mwishoni mwa kiangazi utazipata mbichi kabisa. Chagua za kijani kibichi, zikianza kuwa nyekundu zimeshakomaa.

Bint Wete:

Assalaam alaykum dada. Mie nipo Maskati, lakini nimepata kukaa Stockwell kule London, mtaa wa Wareno, najua unachokiogopa. Huku Oman kuku wa Kibrazili wamejaa kwenye friza, wamechinjwa kwa soko la Waislamu na alama ya halali ipo. Brazili ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza kuku nje. Ila usichukue hilo ukalipeleka Marekani. Kuku wa duka lako ni wa huko huko Marekani, Ubrazili wa mwenye duka haumfanyi awe halali.

Kwenye pakiti yaangalie maneno haya: porco na suíno ni nguruwe, banha ni mafuta yake, toucinho ni nyama ya mafuta, torresmo ni ngozi iliyokaangwa. Presunto kwa Mbrazili ni paja la nguruwe lililopikwa, kwa Mreno ni lililokaushwa, kwako wewe ni haramu kotekote. Linguiça na chouriço chukulia zote ni nguruwe mpaka uthibitishiwe. Na maharage ya kopo! Mengi ni feijoada, mna vipande vya nguruwe ndani. Nunua makavu.

Kuna soseji ya Kireno iitwayo alheira. Utaambiwa ilibuniwa na Mayahudi waliokuwa wakificha dini yao, wakatia mkate na kuku badala ya nguruwe. Hadithi nzuri, lakini za siku hizi nyingi zina nguruwe. Soma pakiti.

Vitafunio vya kaunta: coxinha ni ya kuku, kibe ni ya ng'ombe, lakini unga wa baadhi ya vile vipai vidogo vya empada hukandwa kwa banha. Muulize kabla hujampa mtoto. Nyama mbichi isiyochinjwa na Mwislamu ni suala la wewe na sheikh wako, watu humu hawatakubaliana hata uzi ufike kurasa mia.

Msee wa Merrimack:

Bint Wete amesema ukweli. Na dada, hata ng'ombe akiwa sawa kwako, kumbuka ile saw ya kukatia mifupa ni moja, nguruwe pia hupita hapo. Kama hilo linakusumbua mwambie aioshe kwanza, ama uchukue iliyofungwa kiwandani.

Mama Warda:

Jamani mmenifungua macho. Nyama tutaendelea kununua kwa Waislamu, mume wangu hujaza friza mara moja kwa mwezi. Ila kuna mtu kazini aliniambia makongoro na utumbo pale ni rahisi sana, watu wa huku hawali. Ni kweli?

Mtwara Kuchele:

Hawali nani? Mbrazili ukimnyima mocotó mtagombana. Mocotó ni makongoro, bucho au dobradinha ni utumbo, rabada ni mkia, língua ni ulimi, moela ni firigisi, fígado ni maini. Bei ya mkia usishangae ikakaribia ya steki, maana Wajamaika na Wabrazili wote wanaugombania. Makongoro bado yana nafuu. Bucha za Waislamu nazo huwa nayo ukiagiza mapema, kwa hiyo mume wako aongeze kwenye oda yake.

Kivu Yetu:

Jambo mama. Miye niko Portland, Maine, huku tuko Wakongomani na Waangola wengi, na Waangola ndio walitufundisha maduka ya Wareno. Mawese iko pale, soma azeite de dendê. Usichanganye na azeite peke yake, ile ni mafuta ya zeituni. Maharage yetu ya kawaida utapata, feijão fradinho ni kunde, guandu ni mbaazi. Ya rangi ya maziwa yenye mistari, carioca, yanaiva haraka na mchuzi wake ni mzito.

Lakini sombe, ninyi mnaita kisamvu, usipoteze muda kutafuta pale. Wabrazili wa sehemu chache tu, zaidi Pará, ndio wanakula majani ya muhogo, na wanapika na nguruwe. Nenda duka la Wafilipino ao la Waafrika, iko kwenye friza imetwangwa tayari.

Mama Warda:

Kunde na mbaazi! Mbaazi za nazi kwa mahamri, basi Ijumaa imepatikana. Tui zuri ni lipi pale?

Mtwara Kuchele:

Leite de coco, ipo ya chupa ndogo na ya kopo. Ya chupa mara nyingi ni nyepesi, ya kopo soma kiasi cha nazi. Au nenda friza utafute nazi iliyokunwa, coco ralado, isiyo na sukari, ukamue mwenyewe. Ukiwa hapo hapo friza angalia polpa, ni maji ya matunda yaliyogandishwa kwenye vipakiti: maracujá ni pesheni, graviola ni stafeli, goiaba ni mapera, caju ni mabibo yetu ya Mtwara. Mti wenyewe tuliletewa na Wareno kutoka Brazili, sasa tunauziwa juisi yake ikiwa barafu.

Watoto wanunulie cocada, hiyo ni kashata ya nazi, na pé de moleque ni kashata ya karanga. Rapadura ni sukari guru.

Shemeji wa Fall River:

Naona hakuna aliyegusa ile bufee ya kupima kwa uzito. Dada, pale unajaza kontena, unalipa kwa ratili. Watu wanajaza wali na maharage ambayo wangepika nyumbani kwa senti, halafu wanalalamika. Hapo chota kile usichoweza kupika mwenyewe. Na kama unatumia kadi ya serikali ya chakula, chakula cha moto hailipii, usije ukaaibika kwa keshia. Mboga, unga, maharage, friza, vyote inalipia.

Mama Warda:

Swali la mwisho. Mama mkwe leo nimeenda naye, kasimama kwenye masanduku ya samaki wakavu weupe, wakubwa, wameganda chumvi. Kasema ni ng'onda, hatoki bila hiyo. Nimeangalia bei nikamvuta mkono. Ni samaki gani?

Shemeji wa Fall River:

Bacalhau. Samaki wa bahari za baridi, Norway na Iceland, Wareno ndiyo Krismasi yao. Mapande manene ya mgongoni, lombo, waachie wenye pesa. Omba vipande vyembamba vya ubavuni na mkiani, au iliyochambuliwa, desfiado, kwa mchuzi wa nazi inatosha kabisa. Soma kibao: ikiandikwa Gadus morhua ndiyo yenyewe, ikiandikwa saithe au ling ni samaki wengine waliokaushwa hivyo hivyo, bei iwe chini.

Usifanye haraka kama ya papa, kuosha mara mbili ukatia chunguni. Kata vipande, zamisha kwenye maji mengi ya baridi, ngozi ikae juu, weka ndani ya friji. Siku nzima kwa vyembamba, karibu siku mbili kwa vinene, na maji ubadilishe kila baada ya saa chache. Onja kipande kibichi kabla ya kupika.

Msee wa Merrimack:

Na ugali? Wazee wengi hawataki ya njano. Mamangu aliikumbuka ile mahindi ya manjano ya ukame wa 1984, akakataa hata kuonja. Changanya fubá kidogo na unga mweupe wa duka la Waafrika, ongeza njano polepole wiki kwa wiki. Usimwambie.

Mama Warda:

Anasoma juu ya bega langu hivi sasa. Kasema unga mweupe mume wangu ataufuata kesho.