Mrejesho: Chatu wangu, paka na sungura nyumba moja

Habari wakuu. Miezi mitatu iliyopita niliuliza kama naweza kufuga chatu mdogo, yule anayejiviringisha kama mpira akiogopa, huku nina paka na sungura wawili. Wengi mlisema nimpe chumba chake chenye mlango wa kufunga. Mlikuwa sahihi, nawashukuru sana.

Mwanzoni nilikaidi, nikamweka sebuleni ndani ya tangi la kioo lenye taa ya joto. Paka akafuata joto la taa, akawa analala juu ya mfuniko wa wavu, mkia unaning'inia kwenye kioo. Chatu alikaa wiki tatu bila kula. Iliniuma kumwona vile.

Nilipomhamishia chumba chake, nilifunika pande tatu za kioo kwa karatasi nyeusi nikamwekea maficho mawili: upande wa joto nyuzi 32, upande wa baridi 26. Siku ya tano akala, panya wa kugandishwa niliyemyeyusha na kumpasha moto. Panya hai simpi kamwe, anaweza kumng'ata nyoka akamjeruhi vibaya.

Jambo moja sikulitegemea. Siku moja nilitoka kumbeba sungura, nikaingiza mkono kwenye tangi hivyo hivyo, bila kunawa harufu ya sungura. Ulimi ukaanza kuchezacheza haraka, shingo ikajikunja kama herufi S, kama anayetaka kushambulia chakula. Nikautoa mkono polepole. Sasa nanawa kwa sabuni kabla ya kumshika, na baada pia, maana nyoka mwenye afya anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu.

Mfuniko una komeo mbili. Paka bado huja kunusa upenyo wa chini ya mlango. Jana nimeuziba kwa ubao.