Nauli ya boti yawala wazee wetu wa visiwani na wakubwa wako kimya tu

Jamani leo nina hasira mnisamehe mapema. Nimerudi jana kutoka Faza, kisiwani Pate, nimekaa na mamangu siku tatu, sasa kwenye kabati la jikoni, pembeni ya kopo la sukari, nikakuta vidonge vyake vya presha amevikata kwa kisu nusu nusu amevifunga kwenye karatasi ya daftari. Namuuliza mama hivi vyani? Ati "nawekea mwezi uyao." Yaani mtu wa miaka 74 ajipunguzia dawa mwenyewe ili aruke kliniki moja, asilipe boti ya kwenda Amu, yaani Lamu mjini!!

Hesabu ni hii. Mama macho hayaoni vizuri, hawezi kusafiri peke yake, lazima mjukuu amshike mkono pale gatini, kwa hivyo nauli yake haiwi ya mtu mmoja, ni ya wawili. Boti wanayopanda wao ni 300 kwenda na 300 kurudi kila mtu, hio tayari 1,200, hajanywa hata chai pale uwanja wa Mkunguni, Amu. Na pesa za wazee, Inua Jamii, ni 2,000 kwa mwezi kwa aliefika 70. Toa mwenyewe. Mia nane ndio unga, mafuta, sabuni, kila kitu, na ikiwa maji yamekataa siku hio basi analala kwa watu na huendi kwa watu mikono mitupu.

Halafu kila mkutano twaambiwa matibabu yapo. Yapo ndio. Yako ng'ambo!

Najua kuna atakaekuja hapa aseme mbona mabaharia wanawaachilia wazee nusu nauli. Kweli, wako wenye imani, Mungu awalipe. Lakini mie nimeona kwa macho yangu huyo mzee wa nusu nauli ndie anaeambiwa "babu ngoja kwanza", wakae wenye nauli kamili, mpaka mwisho anapakiwa kule mbele juu ya makreti ya soda, mawimbi yote yake yeye, jaketi la kuokolea halifungi na amekumbatia mfuko wake wa dawa ndani ya kanzu usirowe. Na nahodha simlaumu sana, petroli hanunui kwa huruma. Ndio nasema hii kitu ikiachiwa hisani, mzee atakuwa mzigo wa mwisho kupakiwa kila siku.

Wenzetu walishaliona hili. Kule England tangu Aprili 2008 mzee akifika umri wa pensheni apanda mabasi ya mitaani bure nchi nzima, na mwenye basi analipwa na serikali ya mtaa kwa zile safari, sheria yao yataka asipate faida wala hasara. Scotland wanaanzia miaka 60. Ireland wameanza toka 1967, wengi humu hatujazaliwa. Na wataalamu wao wakaangalia wakakuta wazee wenye pasi hutembea kwa miguu zaidi, manake basi haliji mlangoni, lazima utoke ulifuate. Hilo mie silihitaji mtaalamu. Mama akija Amu ashika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kutoka mwanzo mpaka mwisho, asalimia kila baraza, akirudi Faza ni kitanda na mlango. Dadake yuko Langoni, mtaa wa huko huko Amu, wanasikizana kwa simu tu. Maulidi ya Riyadha pale Amu, ambayo toka ujana wake hakukosa, mwaka wa tatu huu hajakwenda.

(Ila na wao wana vituko vyao, siku za kazi pasi kwa kawaida yaanza saa tatu na nusu asubuhi ndio wazee wasibanane na wanaokwenda kazini. Wakituletea hio hapa tutacheka tulie. Mkanda, ule mkondo boti zapitia, ukikauka umekauka, boti yafuata maji haifuati saa ya ofisi.)

Na msiniambie Kenya haina pesa za hayo. Feri ya Likoni mtu wa miguu avuka bure, kijana kwa mzee, tajiri kwa maskini, kila siku ya Mungu, hakuna anaeuliza pesa zatoka wapi. Kwa hivyo ile nusu kilomita ya Mombasa ni barabara, na bahari yetu ya Pate ni nini, matembezi? Katiba ya 2010 kifungu cha 57 chasema mzee apate matunzo kutoka kwa jamaa na kwa serikali. Jamaa ni mie. Mie nimeshatoa mpaka mfuko umetoboka, huyo mwenzangu yuko wapi?

Nnalotaka si kubwa. Aliefika 70 na mtu mmoja wa kumshika wapande bure, mwenye boti alipwe kamili na serikali kama abiria mwengine yeyote, na mzee akae nyuma kwenye turubai sio kwenye makreti. Kadi bila kumlipa mwenye boti msituletee, itakuwa karatasi tu.

Wa Siyu, Kizingitini, Pate, Ndau, andikeni hapo chini wazee wenu walipa ngapi. Mie kliniki ya mama ni Jumatano, boti yaondoka alfajiri, nimepata 700 mpaka sasa.