Naomba ushauri: simulizi ya mvinyo wa Brunello nianzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Naishi Siena, Italia, na Jumamosi nawapeleka wageni kutoka Dar hadi Montalcino, mji unakotoka mvinyo huu mwekundu. Wameomba niwasimulie chimbuko la Brunello kwa Kiswahili, nimekwama mwanzo. Wengi humtaja Ferruccio Biondi Santi na mvinyo wake wa 1888, ila naona babu yake mzaa mama, Clemente Santi, anasahaulika bure. Alishapata tuzo miaka ya 1860. Halafu ule uvumilivu: zabibu ni za aina ya Sangiovese tupu, na chupa haiuzwi hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Jana nilimimina kidogo, pembeni mwa glasi rangi ilikuwa ya tofali. Mliowahi kuongoza wageni, nianze na babu au mjukuu? Na tanini, ile hali ya kukausha mdomo unapokunywa, nikisema “ukakasi” wataelewa?