Mjomba aliandika Tetris namba moja na Mario namba tisa. Nifute ubao wake?

Mpwa_wa_Katuba (Lubumbashi)

Jambo ndugu zangu. Nina shauri la michezo ya televizyo ya zamani, lakini ndani yake kuna familia, kwa hiyo naomba tujibizane kwa heshima.

Mjomba wangu alikuwa na chumba cha michezo katika komine ya Kenya, hapa Lubumbashi (wageni, nasema komine, si nchi). Nilikulia ndani ya kile chumba. Kulikuwa na televizyo tatu za mgongo mkubwa, mashine za kasete, kisha zikaja PlayStation mbili, na benchi moja la mbao ambalo siku zote lilijaa watazamaji kuliko wachezaji. Mwaka jana mjomba alituacha. Matanga yalipoisha wazee walikaa, wakasema chumba kibaki mikononi mwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikifagia na kupokea feza.

Nataka kukifungua kila Jumamosi kwa michezo ya zamani peke yake. Nina jenereta ya kutosha saa nne na televizyo mbili nzima, kwa hiyo lazima nichague. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Nyuma ya mlango kuna ubao, mjomba aliandika kwa chaki michezo kumi bora: Tetris, Street Fighter II, Winning Eleven, Pac-Man, Duck Hunt, Tekken 3, Contra, Sonic, Super Mario Bros. Namba kumi imefutika, limebaki vumbi la chaki tu.

Vijana wanaonisaidia wanasema ubao huu utatuaibisha. Super Mario Bros. namba tisa? Mdogo wangu alishika kitambaa, nikamzuia mkono. Kwa kweli mimi mwenyewe sielewi mpango wa mjomba. Ningepanga mimi, Contra ingekuwa juu, maana humo ndimo nilimojua kucheza na mtu begani kwa bega. Sikuwahi kumuuliza, na sasa siwezi.

Nifute? Na nikifuta, nipange kwa kipimo gani?


Kijana_Ruashi (Lubumbashi)

Pole kwa msiba, kaka. Lakini futa. Mtu hawezi kupanga michezo ya zamani akaweka Super Mario Bros. chini ya Duck Hunt.

Ule mchezo ulitoka Japani mwezi wa Septemba 1985. Miaka miwili kabla yake biashara ya michezo ya nyumbani ilikuwa imeanguka vibaya Marekani, maduka hayataki hata kusikia habari zake. Mario ni mmoja wa waliorudisha biashara ile. Kasete zaidi ya milioni 40 zimeuzwa. Na kazi yote ile, dunia nane zenye hatua nne nne, imeingia ndani ya kilobaiti 40! Picha moja unayopigwa leo kwa simu ni nzito mara nyingi kuliko Mario mzima. Walibana hata mapambo: wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro uleule, wamebadili rangi tu.

Angalia pia hatua ya kwanza kabisa. Hakuna maandishi ya kukufundisha. Yule adui wa kwanza anakuja taratibu, usiporuka unakufa, ukiruka umeshajifunza. Mtoto asiyejua kusoma anaelewa. Hicho ndicho kipimo: nani aliwafundisha wengine kutengeneza michezo. Kwa kipimo hicho Mario ni wa kwanza, na wa pili yuko mbali.


Dada_wa_Himbi (Goma)

Poleni sana na familia, Mpwa. Mimi nasema usifute chochote kabla hujajua mjomba alipima nini. Watu wanagombania orodha hizi usiku kucha kumbe kila mmoja ana mizani yake, na wengine hata hawakucheza mchezo uleule.

Nitoe mfano wa Sonic. Kaka yangu aliletewa Mega Drive, mashine ya michezo ya Sega, na ndugu aliyekuwa Ubelgiji. Tulicheza Sonic mpaka vidole vikaota sugu, na miaka yote nilisema kwamba ni mchezo mzuri ila sifa za mbio zake zimezidi. Baadaye sana nikaja kuelewa. Mashine za Ulaya zilifuata televizyo za kule, zinazochora picha mara 50 kwa sekunde, wakati za Japani na Marekani zilichora mara 60. Michezo mingi haikurekebishwa. Ikaenda polepole, karibu sehemu moja ya sita imepotea, muziki nao ukalegea, na juu na chini ya kioo kukabaki mistari mieusi. Siku nilipoona Sonic wa 1991 kwa mwendo wake wa kweli, niliumia. Nilikuwa nimemhukumu mtu aliyefungwa miguu.

Kwa hiyo kabla ya kumshusha Sonic au kumpandisha, angalia mashine ya mjomba ilitoka wapi. Kama ni ya Ulaya, namba nane inaeleweka.


Fundi_Kadutu (Bukavu)

Mimi ni fundi wa televizyo na redio hapa Kadutu, nijibu kwa upande wa kazi yangu.

Kwanza, Mpwa, nakuomba sana: usiuze zile televizyo za mgongo. Mtu atakuja na bei nzuri ya televizyo bapa, usikubali. Duck Hunt itakufa siku hiyohiyo. Wengi wanadhani ile bunduki ya kuchezea inatoa kitu kwenda kwenye kioo. Haitoi kitu, inapokea. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe. Bunduki ina jicho. Ikiona mweupe kwa wakati ule uliopangwa, umepata. Ikiona mweusi, umekosa. Televizyo bapa inachelewesha picha kidogo, na kuchelewa huko kidogo kunatosha: jicho linafunguka, kisanduku bado hakijafika. Watoto watasema bunduki imeharibika, kumbe ni nzima.

Pili, Tetris, ule mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka. Kijana_Ruashi, usiidharau. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow katikati ya miaka ya 1980 kwenye kompyuta Elektronika 60, ambayo haikuweza kuchora picha hata moja. Matofali yalikuwa ni alama za mabano zimepangwa! Ukitoa rangi, ukitoa muziki, ukitoa kila pambo, mchezo unabaki mzima. Jaribu kumfanyia Mario hivyo.

Na kwa mashine ya Nintendo hakuna aliyeimaliza tangu 1989 hadi Desemba 2023, pale kijana wa miaka 13 wa Marekani alipofika hatua ya 157 na mashine yenyewe ikasimama. Miaka 34.


Kijana_Ruashi

Fundi, hayo ya mabano nayakubali, sikuyajua. Lakini Duck Hunt juu ya Contra? Juu ya Mario? Hapo bado hamjanijibu.


Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Mukubwa Mpwa, ile nyumba minaiyua. Tulichezaka pale na bandugu yangu tukitoka masomo. Ngoja nikwambie, maana naona wote munatafuta mbali. Mjomba yako hakupangaka ile ubao kwa uzuri. Alipangaka kwa kuranti, umeme.

Kumbuka namna kuranti ilikuwaka inakatika, zaidi mangaribi. Mutu amelipa, ametoa jasho, amefika dunia ya nane kwa Mario, anaona mlango wa yule mfalme wa mwisho, mara tii! Giza. Kuranti ikirudi, Mario anaanza dunia ya kwanza. Ile kasete haina pa kuhifadhi. Sasa mutu anadai feza yake, au anadai achezeshwe bure mpaka arudi pale alikuwa. Niliona vijana wakishikana mashati pale mlangoni, na mjomba yako katikati.

Sasa soma tena ubao kutoka juu. Tetris: kuranti ikikatika umepoteza nini? Matofali. Unaanza tena, na kuanza tena njo mchezo wenyewe. Street Fighter: raundi dakika moja na nusu, aliyeshinda anabaki, aliyeshindwa anatoa manete, kile kishikio cha kuchezea. Winning: mechi ya mpira ya dakika kumi, mukikatizwa kwa moja bila munarudia. Pac-Man, Duck Hunt, vilevile. Tekken tena vilevile, ila wale waliochagua mupiganaji Eddy na kubonyeza ovyo walileta kelele yao nyingine. Contra ni nusu saa, pale inaanza kuuma. Sonic inauma zaidi. Mario, ukitaka kupita hatua zote 32 bila njia za mkato, inauma kuliko zote.

Nilimsikia kwa sikio langu siku moja akimwambia mutoto aliyekuwa analia: "Mchezo mzuri ni ule ambao giza haliwezi kukuibia."


Dada_wa_Himbi

Nimesoma mara tatu. Hapa Goma tunaijua hiyo giza. Sijawahi kuona orodha yoyote, ya gazeti wala ya mtu, iliyotumia kipimo hicho, na kwa mji wetu na wenu ni kipimo cha haki kabisa.


Kijana_Ruashi

Mwana_Kamalondo, aksanti, hapo umenifungua macho. Bado nashikilia neno langu moja: hiyo ni orodha ya mwenye chumba, si ya mchezaji. Mchezaji aliyefika dunia ya nane na kupoteza kila kitu, kesho yake alirudi au hakurudi? Sisi tulirudi. Kile kilio kilikuwa ni kipimo pia. Hakuna mtu aliyelia kwa ajili ya Duck Hunt.

Ila kitambaa nakiweka chini. Usifute, kaka.


Fundi_Kadutu

Kijana amesema jambo zito, tusilipite. Nami naongeza moja kwa Street Fighter II, kwa kuwa namba mbili nayo si ya kuranti tu. Walipoutengeneza mwaka 1991, watu wa kampuni ya Capcom waligundua kwamba ukibonyeza kwa wakati barabara unaweza kuunganisha pigo juu ya pigo, mpinzani asipate nafasi ya kujikinga. Halikuwa jambo walilolipanga. Waliliacha wakidhani ni wachache watakaoligundua, na michezo ya ngumi iliyokuja nyuma ikajengwa juu yake. Benchi la watazamaji uliloandika pale juu, Mpwa, nusu yake lilikaliwa na watu waliokuwa wanasoma vidole vya wenzao. Televizyo moja iwe ya Street Fighter saa zote nne. Nyingine zungusha.


Mpwa_wa_Katuba

Ndugu zangu, sikuweza kujibu jana. Maneno ya Mwana_Kamalondo niliyapeleka kwa mke wa mjomba, nikamsomea. Alicheka, halafu akanyamaza muda mrefu. Akasema ni kweli, na kwamba alikuwa akiandika ubao upya kila akinunua mchezo mpya: anauleta, anaucheza mwenyewe siku tatu, anauzima katikati makusudi, aone kama roho inamuuma. Mimi nilikuwa nafagia pale na sikuliona hilo.

Nikamuuliza namba kumi. Akasema ilikuwa Final Fantasy VII. Huo wa 1997, sahani tatu, unaochezwa wiki na wiki. Wateja hawakuruhusiwa kuugusa. Mimi nikifunga mlango saa mbili usiku naenda nyumbani, yeye alibaki, anacheza kidogo, anahifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu, analala. Aliufuta mwenyewe kwenye ubao kwa sababu watoto walikuwa wanauomba na yeye hakujua kuwakatalia.

Mama huyo alienda chumbani akarudi na kadi imefungwa ndani ya nailoni. Nimeichomeka leo asubuhi. Ipo. Inaonyesha picha za watu wake watatu, feza zao, na muda aliocheza: saa 61 na dakika 14. Sijafungua zaidi ya hapo. Nimeizima.

Ubao unabaki kama ulivyo. Namba kumi nitaiandika, mama amekubali. Televizyo moja ni ya Street Fighter, nyingine itaanza na Tetris, na Kijana_Ruashi akija nitampa Mario kwa jenereta iliyojaa mafuta, afike dunia ya nane.

Lakini hii kadi, nifanye nayo nini?


Fundi_Kadutu

Sikiliza vizuri. Usichomeke tena ile kadi na mchezo ndani ya mashine, kidole kikiteleza utahifadhi juu ya kazi yake. Tafuta kadi nyingine tupu, hata ya mkono wa pili. Washa PlayStation bila sahani yoyote, itakuja menyu yenye neno la kadi. Chomeka ya mjomba upande wa kwanza, tupu upande wa pili, chagua kunakili. Hakikisha mara mbili unanakili kutoka kadi ipi kwenda ipi ndipo ubonyeze. Fanya hivyo jenereta ikiwa inawaka, usitegemee kuranti, kwa sababu ikikatika wakati wa kunakili unaweza kupoteza.

Ya kwanza mrudishie mama kwenye nailoni yake. Ya pili ni ya kuchezea.


Mwana_Kamalondo

Jumamosi saa ngapi munafungua? Nitakuja na bandugu yangu. Ile benchi bado iko?


Mpwa_wa_Katuba

Saa nane mchana. Iko. Mguu mmoja nimeupigilia msumari leo.