Ruzuku za haki za wasanii Lamu: tuombee tamasha au wakili?

Mshairi wa Mkomani: Assalaam aleikum ndugu zangu wa Amu. Kila zinapotangazwa ruzuku za utamaduni, vikundi vyetu huomba mambo yale yale: jukwaa, spika, fulana, chakula cha wageni. Msimamo wangu ni kwamba pesa zikitajwa kuwa za kulinda haki za wasanii, zimlipe wakili, ziandikishe mikataba na zisajili kazi zetu. Tamasha lisubiri.

Pesa zipo. UNESCO ina Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Kitamaduni, ulio chini ya Mkataba wa 2005 wa kulinda uanuwai wa kitamaduni, ambao Kenya imeuridhia, na mradi mmoja waweza kupewa hadi dola 100,000. Ipo pia programu ya UNESCO-Aschberg, inayosaidia serikali na asasi za kiraia kulinda uhuru wa wasanii. Lakini Mfuko haumpi msanii mmoja mmoja. Pawe na chama kilichosajiliwa, ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na tume ya kitaifa ya UNESCO ilichuje kwanza. Fundi aliyeketi na patasi yake barazani ameshaachwa nje.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Hata hivyo nimemshuhudia mshairi mwenzangu, yuko chini ya jukwaa karatasi mkononi, akiambiwa aziruke beti zinazotaja wavuvi na bandari. Ujira wake ulikuwa haujalipwa na mkataba hakuwa nao. Akaziruka. Liliniuma sana.

Fundi wa Langoni: Kaka, tamasha likija mimi nauza. Wakili atanilisha nini? Nakshi ya kizingiti changu imepigwa picha, ikachongwa kwingine. Nimshtaki nani, na babu yangu aliichonga hiyo hiyo?

Mshairi wa Mkomani: Fundi, hapo ndipo penyewe. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda kazi uliyoibuni mwenyewe, maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Nakshi ya mababu ina sheria nyingine, ya 2016, ya kulinda maarifa ya jadi: mwenye haki ni jamii, na kaunti imepewa kazi ya kusajili. Lakini daftari la usajili halijijazi. Anatakiwa mtu apite mlango kwa mlango, apige picha mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na kizingiti, awaulize wazee nani alichonga na alijifunza kwa nani. Kazi hiyo ruzuku inaweza kuilipia.

Bi Mkubwa wa Shela: Mwanangu, mimi naogopa masharti. Pesa za nje zikiitwa za uhuru wa sanaa, watu watauliza uhuru wa kufanya nini. Mji huu una heshima zake.

Mshairi wa Mkomani: Shikamoo mamangu. Hofu yako ni ya haki, na masharti yasomwe kwa Kiswahili mbele ya watu kabla ya yeyote kutia saini. Ila uhuru huu si mgeni pwani. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa waraka wa kuikosoa serikali, na humo gerezani akaendelea kutunga mashairi.

Kijana wa Mokowe: Kwa nini tusiibane kaunti itenge bajeti, tukaacha kuwalilia wafadhili?

Mshairi wa Mkomani: Tuibane, na tudai daftari lijazwe. Lakini mwenye jukwaa mara nyingi ni serikali, na wakili wa msanii asilipwe na anayeweza kushtakiwa. Tazameni wavuvi wetu. Kesi yao kuhusu ujenzi wa bandari ya Lamu ilifunguliwa 2012, na 2018 Mahakama Kuu ikatamka kuwa haki zimevunjwa, ya utamaduni ikiwemo. Walifika pale kwa sababu walijipanga na walikuwa na mawakili. Sisi tuna vikundi kila mtaa na hakuna kinachoweza kuandika ombi peke yake. Tuunde chama kimoja.

Fundi wa Langoni: Haya, wakili nimemkubali. Lakini watia saini wa akaunti ya benki wawe watatu, na mmoja awe fundi. Bila hivyo mimi simo.